Chifu, Mama Mkwe na Kitabu cha Picha

Wanangu mnaosomea kufundisha watoto wadogo, mmoja wenu aliniuliza juzi kama sisi wa enzi za mkoloni tulikuwa na vifaa. Tulikuwa navyo. Tulikuwa na sanduku moja la vitabu vya picha, watoto wengi kuliko magunia ya kukalia, na chumba ambacho kila mtu mzima wa Busia alikuwa na wazo bora zaidi la kukitumia. Leo nataka niwaeleze tulivyokaribia kunyang'anywa chumba hicho, na jinsi kitabu cha picha kilivyochangia. Lakini kwanza tuzungumze kuhusu vitabu vyenyewe, maana nimewaona mnavyovishika na sijafurahi.

Mimi ni mtoto wa Tororo mjini. Baba yangu aliendesha lori la pamba, nyumbani tulikuwa Waislamu wa kusema Kiswahili asubuhi mpaka jioni, na nilipopelekwa Busia kufundisha nasari sikujua hata salamu ya Kisamia. Watoto walinifundisha lugha yao kwa moyo mmoja. Muda mrefu walinifundisha matusi tu, na mimi nikawa nayatumia kuwasalimia wazazi wao mlangoni. Wazazi walikuwa watu wa adabu, wakaitikia.

Chumba chetu kilikuwa stoo ya pamba karibu na soko. Kilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja pembeni ya mlango huo, na vumbi la pamba lisiloisha. Msimu wa kununua pamba ukipita kilikaa bure, ndipo akina mama wa sokoni wakamwomba chifu wa gombolola, mkubwa wa tarafa yetu, watoto wao wawekwe humo. Aliyeomba kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mama Nabwire, muuza samaki. Kabla ya hapo alikuwa akimfunga Nabwire kwa kamba, mguu wa mtoto kwenye mguu wa meza ya samaki, asije akakimbilia barabarani. Msimfikirie vibaya. Malori yalipita pale kutoka ng'ambo ya Kenya yakiwa na haraka zao, na mtoto wa jirani yake alikuwa ameshagongwa. Nilipomfungua Nabwire ile kamba siku ya kwanza, alikaa pale pale alipokuwa, hajui kwamba anaweza kwenda.

Vitabu tuliletewa na mama mmoja wa Kizungu wa ofisi ya maendeleo kule Tororo. Vilikuwa vya Kiingereza, vizuri, vya rangi, na hakuna hata kimoja kilichotufikiria sisi. Aliyenifundisha kuvitumia hakuwa yule Mzungu. Alikuwa Mwalimu Perisi, mama wa Kipadhola kutoka Kisoko, mtu mzima, mwembamba, asiyecheka. Alikuwa akija kwa baiskeli kutukagua sisi wapya. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama mbele ya watoto nasoma kitabu kizima kwa Kiingereza, kwa sauti nzuri kabisa, ukurasa baada ya ukurasa. Alikaa nyuma akaningoja.

"Zaituni, wewe namaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Na hawa namaliza zamani."

Niliwatazama watoto. Walikuwa wamelala wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa akila pamba.

Mwalimu Perisi akanichukua kitabu. Akakifungua kwenye picha moja tu, ya ng'ombe, akaiweka karibu na macho ya watoto walioamka, akanyamaza. Nilidhani amesahau maneno. Akaendelea kunyamaza. Mimi nikaanza kuona aibu kwa niaba yake. Ndipo mtoto mmoja akanyoosha kidole, mwingine akabisha, wa tatu akasema kwao wana ng'ombe kama huyo ila wa kwao si mwembamba, na baada ya muda mfupi ilikuwa kelele tupu. Akakifunga kitabu, akawaambia watoto watoke nje wamjengee yule ng'ombe boma, kwa kuwa wamesema hana pa kulala. Walijenga kwa mabua ya mtama mpaka mama zao wakaja kuwachukua, na hawakutaka kwenda.

"Unanyamaza mpaka unaona haya," aliniambia akipanda baiskeli yake. "Halafu unanyamaza tena. Ingine ni kazi ya mikono." Hayo ndiyo mafunzo niliyopata kwa Mwalimu Perisi, na sijaona chuo kilichoniongezea kitu cha maana juu yake.

Sasa sikilizeni kuhusu gundi. Hatukuwa na gundi ya dukani. Tulipika uji mzito wa unga wa muhogo, ukipoa unapaka, unashika vizuri sana. Karatasi tulipata kwa Mhindi wa duka, zile za kufungia sukari, na rangi tulitengeneza kwa mkaa, majivu na udongo mwekundu wa kichuguu. Ubaya wa gundi ya muhogo ni mbuzi. Mbuzi wa jirani walipenda kazi zetu kuliko wazazi walivyozipenda. Siku moja waliingia wakala familia nzima ya tembo tuliyoibandika ukutani, wakabakisha mkonga mmoja. Tangu siku hiyo tulibandika juu, na watoto wakajifunza maana ya juu na chini bila mimi kutoa somo.

Kulikuwa na kitabu kimoja chenye picha ya theluji. Nyumba imefunikwa kwa weupe, miti mieupe, na mwanamume mmoja anachota ule weupe kwa sepetu na kuutupa pembeni. Nilinyamaza kama nilivyofundishwa. Wandera, mtoto wa chifu, akaitazama picha kwa muda, akatikisa kichwa.

"Huyu atapigwa," akasema. "Amemwaga pamba yote chini."

Wenzake wakakubali. Nikawaeleza kwamba si pamba, ni barafu, inaanguka kutoka mbinguni huko Ulaya. Walinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, wewe umeiona?" Nabwire akauliza.

"Sijaiona."

"Basi," akasema Nabwire, na mjadala ukafungwa.

Mngekuwa ninyi mngewalazimisha wakubali theluji. Mimi nilitaka, nikakumbuka baiskeli ya Mwalimu Perisi ikija njiani, nikaacha. Nilikwenda pembeni ya stoo nikakusanya pamba iliyobaki kwenye nyufa, nikawaambia tumsaidie yule bwana, tutenganishe pamba safi na fifi kabla hajapigwa. Mnajua pamba ya daraja la kwanza ni safi, ile yenye uchafu na madoa ni fifi. Walitenganisha asubuhi nzima. Walipanga, walihesabu mbegu, walibishana doa likiwa dogo kiasi gani bado ni safi. Mwezi uliofuata mzazi mmoja kutoka Masinya alikuja kulalamika kwamba mtoto wake amekataa pamba ya baba yake nyumbani. Nikamwuliza kama mtoto alikosea. Akasema hakukosea, na ndiyo maana amekuja kulalamika.

Si kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Kulikuwa na kitabu cha bundi. Huko kwa Wazungu bundi ni msomi, wamemvalisha miwani na kumweka juu ya rundo la vitabu. Nikaona huyo ndiye wa kututia moyo. Tukatengeneza mabundi kwa karatasi za sukari, tukabandika manyoya ya kuku, macho tukaweka vifuniko vya soda, na kila mtoto akaenda na bundi wake nyumbani. Kesho yake darasani tulikuwa mimi na Nabwire. Baadaye akaja baba mmoja, ameshika fimbo ndefu, na kwenye ncha ya fimbo amening'iniza bundi wetu.

"Mwalimu, hii ndege yako," akasema, amesimama mbali. "Sisi hapana iita yeye. Chukua."

Bundi akilia juu ya nyumba, watu wa huko huanza kuhesabu wagonjwa wao. Mimi nilikuwa nimempeleka katika kila nyumba, na miwani juu. Nilizunguka kijijini siku mbili kuwakusanya. Nyumba zingine zilikuwa zimeshamchoma, zikaniomba nichome na darasa. Kwa hiyo wanangu, kabla ya kufungua kitabu kilichotoka mbali, kipitisheni kwanza kwa mtu mzima wa mahali hapo. Nilisema hivyo hivyo moyoni baada ya bundi, kisha nikafanya kosa lingine.

Msimu wa pamba ulipokaribia, chifu alitangaza kwamba stoo irudi kazini kwake. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya eneo na hakuwa mtu mkali, ila aliamini kwamba watoto kucheza ni kitu kinachoweza kufanyika popote. Mama Nabwire alinifuata darasani mikono yake bado ina magamba ya samaki.

"Mwalimu, hii nyumba wakichukua, mimi naweka mtoto wapi?" akaniuliza. "Kwa kamba mimi narudisha yeye? Sasa anajua kukimbia. Itamkata mguu."

Nilijua alichosema ni kweli, na usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nikaongozana na akina mama wa soko mpaka kwa chifu. Alitusikiliza wote, akavuta kiko chake.

"Mimi takuja mwenyewe," akasema. "Takaa, tatazama. Kama watoto wanajua kitu, tutaona. Kama ni mchezo tu, wacheze kwao, pamba iingie."

Nikatafuta kitabu kizuri kuliko vyote. Nilikipata chini ya sanduku: bibi anakuja kuwatembelea wajukuu. Anafika mlangoni na kikapu, baba wa nyumba anamfungulia, anambusu shavuni, anamketisha mezani, wanakunywa chai wote kwa furaha. Nikaona humo kila kitu cha kumwonyesha chifu. Kuna salamu, kuna kupokea mgeni, kuna kuhesabu vikombe. Watoto wakaanza mazoezi. Wandera akawa baba, Nabwire akawa bibi. Mwalimu Perisi alipopita akakitazama kile kitabu.

"Huyu bibi ni mama ya nani?" akauliza.

"Labda mama wa yule mama mwenye nyumba."

"Ujue," akasema, akapanda baiskeli akaenda zake.

Ningepaswa kumkimbilia. Kwetu Tororo mjini mama mkwe huja, mkwe wake humpa mkono, wakala sahani moja, maisha yakaendelea. Kwa Wasamia wa wakati ule haikuwa hivyo. Mwanamume na mama wa mke wake hawakutazamana usoni. Hawakula pamoja wala kupeana mkono, na wakiwa na la kuambiana walilipitisha kwa mtu wa katikati. Ilikuwa heshima kubwa, si uadui. Mimi nililijua hilo, lakini nilijiambia kwamba watu wa kwenye picha ni Wazungu na haliwahusu. Watoto nao hawakusema kitu, kwa kuwa waliona Wazungu wanafanya mengi.

Siku ikafika. Chifu alikaa mbele kwenye kiti, kofia magotini. Akina mama wakajaa nyuma yake. Mama Nabwire alikuwa ameifunga meza yake ya samaki siku ya soko, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Watoto walipokuwa wakijipanga nikasikia mkeka unatandikwa nje, pembeni ya mlango, chini ya dirisha. Bibi yake Wandera alikuwa amekuja kumsikiliza mjukuu wake akiigiza. Alikuwa mama mkwe wa chifu. Kwa kuwa mkwe wake alikuwa ndani, yeye alikaa nje, ukuta kati yao, kama inavyotakiwa. Chifu alisikia sauti yake akakaa sawasawa zaidi. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Nilikuwa nimewaambia watoto walete nguo za kuigizia kutoka nyumbani. Pazia la gunia tulilolitundika mle ndani kuwa mlango wa mchezo likafunguliwa, Nabwire akatokea na kikapu, mgongo ameupinda vizuri sana, na amejifunika shuka la kijani lenye mistari mieupe. Wandera ndiye alilileta. Lilikuwa shuka la bibi yake, na kila mtu mle ndani alilijua, kwa sababu alilivaa kila siku ya kanisa.

Chifu alisimama. Mbele yake mama mkwe wake alikuwa akija, mfupi kuliko kawaida, tayari kubusiwa shavuni. Alitazama mlango, na mlango ulikuwa mmoja, na nje yake amekaa mwenye shuka. Basi akageuka akaupa ukuta uso, akabaki hivyo, mikono nyuma.

Hakuna aliyecheka. Nikamwona Mama Nabwire amefumba macho. Wandera, ambaye sasa zamu yake ilikuwa kumbusu mgeni, alimtazama baba yake, akamtazama Nabwire, akageuka naye akatazama ukuta.

"Wandera," sauti ya bibi ikaja kutoka dirishani kwa Kisamia, nami nitawapa kwa Kiswahili. "Mbona kimya? Mmemaliza?"

Wandera akaenda dirishani. "Bado. Baba anatazama ukuta."

"Ukuta una nini?"

"Hauna kitu. Nabwire amevaa shuka lako."

"Alivue."

Nabwire akalivua, akalikunja vizuri, likapitishwa dirishani.

"Mwambie baba yako shuka limetoka."

"Baba, shuka limetoka."

"Mwambie bibi yako ahsante," akasema chifu kwa ukuta.

Nilidhani mambo yameishia hapo, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Lakini yule bibi alikuwa na mkwe wake miaka mingi na hakuwahi kumpata mahali asipoweza kuondoka.

"Mwambie baba yako nimesikia pamba inarudi humo."

Wandera akafikisha.

"Mwambie bibi yako hayo ni mambo ya kamati."

"Bibi, ni mambo ya kamati."

"Mwulize baba yako, mwenyekiti wa hiyo kamati ni nani?"

"Baba, mwenyekiti wa kamati ni nani?"

Chifu akakohoa. "Mwambie ni mimi."

"Bibi, ni yeye."

"Vizuri. Mwambie hivi. Mwaka jana mama yako alikuwa akikutuma kwangu, ukifika umesahau ulichotumwa, wakati mwingine umesahau na aliyekutuma. Nikikuuliza unalia. Leo unachukua maneno kwangu unayafikisha kwa baba yako, unayachukua kwake unaniletea, na yote yanafika. Nani alikufundisha? Na huyo aliyekufundisha atakwenda wapi, na hawa watoto wataachwa na nani, pamba ikishapata pa kulala?"

Wandera alivuta pumzi. Aliyasema yote, kwa mpangilio, na pale kwenye kulia akaonyesha kwa uso jinsi alivyokuwa akilia. Mwalimu mwenye akili timamu hatoi machozi mbele ya wazazi, lakini mimi yalinitoka na sikuyafuta.

Ukuta ule ulikuwa haujawahi kutazamwa kwa makini hivyo.

"Mwambie bibi yako," akasema chifu mwishowe, taratibu, kwa sauti ya ofisini, "kamati itakaa. Italitazama jambo hilo kwa marefu na mapana. Jibu litatolewa msimu ukiisha."

Wandera hakuondoka mara moja. Aliwatazama wenzake waliokaa kwenye magunia. Akamtazama Nabwire, aliyekuwa bado ameshika kikapu cha mgeni. Kisha akaenda dirishani, akapanda juu ya gunia ili asikike vizuri.

"Bibi," akasema, "baba amesema ndiyo."

Chifu akageuka mara moja, akakumbuka dirisha, akageukia ukuta tena. "Wandera!"

"Naam, baba."

Lakini nje vigelegele vilikuwa vimeshaanza, na ndani akina mama wakavipokea. Ili kulirudisha lile neno angepaswa kumwambia mama mkwe wake, yeye mwenyewe au kwa kinywa cha mtoto yule yule, kwamba alichopewa mbele ya watu amenyang'anywa. Hakuna mwanamume wa Kisamia aliyekuwa tayari kufanya hivyo kwa ajili ya magunia ya pamba. Mama Nabwire alikuwa amekaa chini, kichwa magotini, analia kwa sauti, na binti yake anampigapiga mgongoni na kumwuliza kama anataka chai.

Pamba ya msimu ule ililala sebuleni kwa chifu, na wageni wake akawapokelea barazani. Nasari ikabaki pale mpaka nilipohamishwa, na aliyenirithi akaendelea.

Kesho yake asubuhi chifu alisimama mlangoni kwangu, hakuingia.

"Mwalimu."

"Naam, Chifu."

"Hii mtoto yangu, mfundishe kufikisha maneno kama alivyopewa."

"Nimesikia, Chifu."

Nilisikia kweli. Kumfundisha, sikumfundisha.